Jina la Juma: Asili Yake, Maana Yake na Historia Yake

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi watu wanapojadiliana juu ya majina. Huulizwa: Je, Mwafrika anayeitwa Yohana au Abdallah hajaiacha asili yake? Na taifa linalotaka kuujenga utamaduni wake lifanye nini na majina yaliyovuka bahari hata kufika kwetu?

Maswali haya si mageni barani Afrika. Mwaka 1972 serikali ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliwaamuru raia wake wayaache majina ya Kikristo na kuchukua majina ya Kiafrika. Rais wake mwenyewe aliliacha jina la Joseph-Désiré akajiita Mobutu Sese Seko. Tanzania haikufuata njia hiyo. Mwalimu Nyerere, ambaye mwaka 1962 aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliendelea kuitwa Julius, jina la ubatizo alilolipata mwaka 1943, na pia Kambarage, jina la Kizanaki alilopewa utotoni kwa sababu ya mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa. Hakuona kwamba jina moja lilikuwa na haja ya kulifukuza lingine.

Katika makala haya tunakusudia kulichunguza jambo hili kwa njia ya jina moja tu, nalo ni Juma. Tumelichagua kwa sababu ni jina la kawaida mno. Limo katika kila daftari la mahudhurio, na limo katika vitabu vya hesabu, ambamo kila mwanafunzi amewahi kumkuta Juma mwenye maembe matano akigawana na wenzake. Kitu kilichozoeleka kiasi hicho aghalabu hakiulizwi kilikotoka. Hata hivyo, tukilifuata jina hili katika safari yake tutaona kwamba ndani yake mna sehemu kubwa ya historia ya watu wetu: sala na biashara, utumwa na ukombozi, ukoloni na uhuru. Tutaona pia kwamba asili ya jina si mahali lilikotoka peke yake.

Neno na mzizi wake

Jina la Juma latokana na Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kukusanyika. Katika lugha ya Kiarabu maneno mengi hujengwa juu ya mzizi wa konsonanti tatu. Mzizi wa neno hili ni jimu, mimu na aini, na kila neno litokanalo na mzizi huo lina wazo la kukusanya, kukutanisha au kuwa pamoja. Kabla ya Uislamu Waarabu waliiita siku hii al-Aruba. Uislamu ulipokuja ukaifanya kuwa siku ya sala ya pamoja ya adhuhuri, ikaitwa siku ya makusanyiko. Sura ya 62 ya Kurani ina jina hilo hilo, na humo waumini huagizwa waache kuuza na kununua pindi waitwapo kusali siku hiyo, kisha sala ikiisha watawanyike kwenda kutafuta riziki.

Waswahili walilipokea neno hili, nao wakalitumia kwa namna tatu. Kwanza, walilifanya jina la siku yenyewe, yaani Ijumaa. Pili, walilifanya jina la muda wa siku saba, yaani juma. Tatu, walilifanya jina la mtu. Sauti ya aini, ambayo si ya Kibantu, ilidondoka. Katika Ijumaa irabu ya mwisho ilibaki ndefu, lakini katika jina la mtu ilifupishwa, na mkazo ukaangukia silabi ya kwanza, kama ilivyo kawaida ya maneno yetu yenye silabi mbili. Katika sehemu za pwani bado wako wanaume waitwao Jumaa, kwa irabu ndefu. Majina hayo ni mamoja. Tofauti ni ya matamshi tu.

Yafaa mwanafunzi aone kwamba mzizi huu umetuzalia maneno mengine. Jamaa ni watu waliokusanywa na udugu. Jamii ni watu waliokusanywa na maisha ya pamoja. Jumuiya ni watu waliokusanywa na shabaha moja. Na Ujamaa, neno lililochaguliwa kuwa jina la siasa ya Tanzania na kufafanuliwa katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, lina mzizi huo huo. Kwa hiyo jina la Juma na neno Ujamaa ni ndugu wa tumbo moja katika lugha, ingawa wachache huwatazama hivyo.

Lakini tujihadhari. Si kila neno linalofanana na Juma ni la ukoo wake. Neno jumla, pamoja na kitenzi jumlisha, lina mzizi wa jimu, mimu na lamu, na neno jamhuri lina mzizi wa konsonanti nne. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa udugu, wala katika maneno wala katika watu.

Hesabu ya siku za Waswahili

Wageni wengi wanaojifunza Kiswahili hushangazwa na hesabu ya siku zetu. Huuliza kwa nini Jumatatu, ambayo kwa wengine ni siku ya kwanza ya kazi, iwe na tatu ndani yake. Jibu limo katika neno Juma. Waswahili walianza kuhesabu baada ya Ijumaa kupita. Siku iliyofuata ikawa Jumamosi, yaani ya kwanza, ikafuata Jumapili, Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Baada ya hapo hesabu ya Kibantu ikakoma, zikafuata siku mbili zenye majina ya Kiarabu: Alhamisi na Ijumaa.

Hapa pana jambo la kufurahisha. Neno Alhamisi lenyewe maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku ya Jumapili. Basi juma la Waswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana, moja ya hesabu yetu na moja ya hesabu ya Waarabu, na hakuna aliyewahi kukosea safari kwa sababu hiyo. Hivi ndivyo utamaduni wa pwani ulivyojengwa. Haukutupa hesabu ya wazee, wala haukuikataa ya wageni. Uliziweka pamoja mpaka zikawa kitu kimoja kilichotosheleza mahitaji ya watu.

Alhamisi na Ijumaa, siku mbili zilizobaki na majina ya Kiarabu, ndizo zilizotoa majina ya wanaume yaliyoenea zaidi: Hamisi na Juma. Mtoto wa kiume aliyezaliwa Alhamisi aliweza kuitwa Hamisi, na wa Ijumaa aliweza kuitwa Juma. Mtoto wa kike aliitwa Mwanahamisi au Mwanajuma, na jina hilo la pili sehemu nyingi za bara hutamkwa Mwajuma. Neno mwana lililotangulizwa hapo ni lile la heshima ambalo watu wa pwani waliwaitia wanawake wao wa hadhi. Miezi nayo ilitoa majina yake: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Sikukuu ikatoa Idi.

Hata hivyo, si kila Juma alizaliwa Ijumaa. Desturi ya kumpa mjukuu jina la babu yake imeenea sana, na mtoto aliyezaliwa siku nyingine aliweza kurithi jina la siku ya babu. Hapo jina liliacha kuwa kumbukumbu ya siku, likawa kumbukumbu ya mtu. Mwalimu akimwuliza mwanafunzi maana ya jina la Juma, naye akajibu kwamba ni jina la babu yake mzaa baba, mwanafunzi huyo hajakosea.

Tena kuna jina la Jumanne, ambalo twalisikia mara nyingi katika Tanzania bara. Jina hili halikutoka Uarabuni. Huko siku hiyo huitwa kwa neno lao lenye maana ya tatu. Jumanne ni jina lililoundwa na Kiswahili chenyewe, kwa kuunganisha neno lililopokewa na namba ya Kibantu, kisha likapewa mtoto aliyezaliwa siku hiyo. Hapa twaona wazi kwamba watu wetu hawakuwa wapokeaji tu. Walilichukua neno la mgeni, wakajengea siku zao, na kwa siku hizo wakajengea majina yao.

Desturi ya kumwita mtoto kwa siku aliyozaliwa haikuwa ya Waislamu peke yao. Waakan wa Ghana wanayo tangu kale, na wana jina kwa kila siku. Kwao mwanamume wa Ijumaa ni Kofi. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1997 hadi 2006, alizaliwa Ijumaa tarehe 8 Aprili 1938. Kwa maana ya siku, Kofi wa Ghana na Juma wa Tanzania ni somo wawili.

Lakini jina la siku laweza kutolewa kwa moyo mwingine kabisa. Katika hadithi ya Robinson Crusoe, iliyoandikwa na Mwingereza Daniel Defoe mwaka 1719, mtu aliyetupwa kisiwani amwokoa kijana mmoja asiuawe, kisha ampa jina la Ijumaa kwa sababu siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Hamwulizi jina alilopewa na wazazi wake. Amfundisha pia neno la kumwitia yeye, nalo ni Bwana. Basi Kofi alipewa jina la siku na wazazi waliofurahi kumpata, na kijana wa Crusoe alipewa jina la siku na mtu aliyejihesabu kuwa mwenye mali. Jina la Juma limewahi kutolewa kwa njia zote mbili, na hapo ndipo historia yake inapokuwa nzito.

Bwana na mtumwa

Pwani yetu imekuwa na misikiti kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta Shanga, katika visiwa vya Lamu, mabaki ya misikiti ya karne ya 8. Msikiti wa Kizimkazi, katika kisiwa cha Unguja, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107. Kilwa Kisiwani ulijengwa msikiti mkuu wa Ijumaa ambao baadaye ulipanuliwa sana, na magofu yake yanatazamwa hata leo. Mahali palipo na msikiti wa Ijumaa, watu wa mji hukutana siku hiyo, mkubwa na mdogo, wakasimama safu moja.

Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Suleiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipawa. Ibn Battuta alisimulia kisa alichokiona siku ya Ijumaa. Sultani alikuwa akitoka kusali, akasimamishwa njiani na fakiri mmoja kutoka Yemen, ambaye alimwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani hakukasirika. Aliingia nyumbani kwa khatibu, akabadili mavazi yake, akampa fakiri yale aliyoombwa. Watu wakamsifu sana. Kisha mwana wa Sultani akazichukua zile nguo kutoka kwa fakiri, naye akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha ukarimu wa mfalme, na kweli ukarimu ulikuwapo. Lakini sisi tunaosoma leo hatuna budi kuwauliza pia wale watu ishirini. Siku ya kukusanyika, mbele ya msikiti wa makusanyiko, watu ishirini walihesabiwa pamoja na pembe, wakatolewa kama mavazi. Msimulizi ametuhifadhia jina la Sultani na lakabu yake. Majina ya wale ishirini hayakuandikwa.

Katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilikua kupita kiasi chochote kilichojulikana hapo awali. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalihitaji wafanyakazi, na misafara iliingia bara hadi Tabora, Ujiji na Manyema. Mtu aliyekamatwa kandokando ya Ziwa Nyasa au ng'ambo ya Tanganyika alikuwa na jina lake, lililotajwa na mama yake na kujulikana na wazee wa ukoo wake. Alipofika pwani aghalabu jina hilo halikuulizwa. Alipewa lingine. Baadhi ya watumwa waliitwa majina ya vito na bidhaa za thamani, kama Almasi, Feruzi na Marijani. Wengine waliitwa majina ya bahati njema iliyotarajiwa na mwenye mali: Mabruki, Baraka, Faraji, Sudi. Na wengine waliitwa kwa siku au mwezi: Hamisi, Ramadhani, Juma.

Hata hivyo Juma halikuwa jina la watumwa peke yao, na hili ndilo jambo tunalotaka lifahamike vizuri. Mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote katika njia za bara, Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, jina lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajabu el Murjebi. Babu yake aliitwa Juma. Mfanyabiashara mwingine wa zama hizo, aliyefika mbali katika nchi ambayo sasa ni Kongo, alijulikana kwa jina la Juma Merikani, kwa sababu ya nguo za merikani alizouza. Basi katika msafara mmoja aliweza kuwapo Juma aliyeketi kivulini akihesabu mizigo, na Juma aliyekuwa chini ya mzigo.

Ni nini basi kilichowatofautisha? Jina lilikuwa moja, na siku ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa katika neno dogo la bin. Muungwana alitaja jina lake, la baba yake, la babu yake, na la kabila lake, na kwa nasaba hiyo alipata heshima, urithi na haki ya kusikilizwa. Mtumwa alikuwa Juma tu, au Juma wa fulani, na huyo fulani hakuwa baba yake bali bwana wake. Dhuluma haikuwa katika kuitwa Juma, bali katika kukatwa kila kilichofuata baada ya Juma.

Kwa hiyo methali ya mwacha asili ni mtumwa haina budi kusomwa kwa uangalifu. Watu hawa hawakuiacha asili yao. Walinyang'anywa.

Utumwa uliondolewa polepole, tena kwa kusitasita. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya kuondoa utumwa kisheria ilitolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Wengi wa waliokombolewa walibadili majina yao. Majina ya vito yalipungua, na yale ya Mitume na ya waungwana yakaongezeka, kwa kuwa mtu aliyekuwa mtumwa hakutaka mwanawe atambulikane mlangoni kabla hajakaribishwa. Lakini jina la Juma halikuhitaji kubadilishwa, kwa sababu lilikuwa limebebwa na watu wa kila hali. Aliyekuwa Juma wa fulani aliweza kuoa, akajenga nyumba, akapata mtoto, na mtoto huyo akaitwa Ali bin Juma. Yule ambaye hakuwa na nasaba akawa mwanzo wa nasaba. Hatuoni heshima kubwa zaidi iliyowahi kupewa jina hili.

Jina katika daftari la mkoloni

Utawala wa kikoloni ulikuja na madaftari. Karani alihitaji jina la kuandika, na jina fupi lililojulikana naye lilimfaa kuliko jina refu la kikabila asiloweza kuliendeleza. Nchini Kenya, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa awe na kipande chenye jina lake na alama za vidole vyake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Watu wa makabila mbalimbali walikutana katika mashamba hayo, katika reli na katika kambi za askari, na Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja. Majina ya Kiswahili nayo yakasafiri kwa njia hiyo. Juma likafika kwa watu wasiokuwa Waislamu, likawa jina la baba, na shule zilipoanza kudai jina la pili likawa jina la ukoo.

Lakini jina kuandikwa katika daftari la kazi ni jambo moja, na kukumbukwa ni jambo jingine. Katika vita vya 1914 hadi 1918 mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Jina la Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam, latokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Mwaka 1927 iliwekwa katika jiji hilo Sanamu ya Askari, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza ya kuwakumbuka askari na wapagazi. Sanamu hiyo haina jina la mtu hata mmoja miongoni mwao.

Ilipita karibu karne moja kabla jambo hili halijakiriwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Miongoni mwa watu wengi kiasi hicho waliotoka pwani na bara yetu, akina Juma na Hamisi hawakukosekana. Hali ya wale watu ishirini wa Kilwa ilikuwa imerudi kwa sura nyingine.

Juma katika zama za uhuru

Baada ya uhuru jina hili lilionekana katika kazi nyingi za umma. Dakta Omar Ali Juma, mzaliwa wa Pemba, alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar tangu 1988 hadi 1995, kisha Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano hadi alipofariki mwaka 2001. Profesa Calestous Juma, aliyezaliwa mwaka 1953 magharibi mwa Kenya, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, na kwa maandishi yake alieleza jinsi sayansi na ufundi vinavyoweza kuinua maisha ya Waafrika. Alifariki mwaka 2017. Kwake yeye Juma lilikuwa jina la mwisho na Calestous, jina la Kikristo, lilikuwa la kwanza, na hakuna aliyeona ajabu.

Katika michezo twamkumbuka Juma Ikangaa, mwanajeshi kutoka Dodoma. Mwaka 1982 alipata medali ya fedha katika mbio ndefu za Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Brisbane, Australia. Katika mbio za Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Hakukata tamaa. Mwaka 1989 alishinda mbio za New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, na hakuna aliyekuwa amewahi kuimaliza njia hiyo kwa kasi kama hiyo. Siku hiyo jina la Juma lilitangazwa pamoja na jina la Tanzania mbele ya ulimwengu, na vijana wengi wa wakati ule walilisikia katika redio.

Hitimisho

Sasa twaweza kulirudia swali tulilolianza. Je, anayeitwa Juma ameiacha asili yake? Tukitazama mzizi wa neno peke yake tutasema kwamba jina limetoka Uarabuni. Lakini tumeona kwamba Kiswahili kililichukua, kikalifanya msingi wa hesabu ya siku, kikazaa Jumanne na Mwanajuma, ambayo hayakuwako mahali pengine. Tumeona kwamba lilibebwa na mtumwa aliyeanzisha nasaba mpya, na mpagazi aliyekufa bila kuandikwa, na kiongozi, na mtaalamu, na mkimbiaji. Jina lililopita katika mikono hiyo yote limekuwa letu kwa haki ya jasho. Kulitupa kwa sababu ya asili ya mbali kungekuwa kuwatupa watu hao, ambao wengi wao walikwisha kutupwa mara moja.

Hatusemi kwamba majina ya kikabila yadharauliwe. Kinyume chake, historia hii yatufundisha kuyatunza, kwa kuwa twajua jinsi mengi yalivyopotea pwani bila kuulizwa. Mtoto aweza kuwa Juma na pia kuwa na jina la ukoo wa baba yake, kama vile Mwalimu alivyokuwa Julius na Kambarage pia. Jambo la lazima ni kwamba mtoto ajue ameitwa hivyo na nani, na kwa nini.

Kwa sababu hiyo twawashauri walimu wa historia na wa Kiswahili wawape wanafunzi wao kazi ndogo. Kila mwanafunzi na aende nyumbani akawaulize wazee maana ya jina lake, aliyempa, na mtu aliyelibeba kabla yake. Aandike majina ya baba, babu na babu wa babu, kadiri wazee wanavyokumbuka, na vilevile majina ya mama na bibi, ambayo madaftari ya zamani yaliyaacha mara nyingi zaidi. Mahali ambapo kumbukumbu itakoma aweke alama, kwa sababu nako kukoma huko ni sehemu ya historia yetu. Kazi hii haitaki gharama yoyote, ila yataka ifanywe mapema, wakati wazee wangali hai na waweza kuulizwa.